Vifuniko Ishirini vya Dawa ya Kupe

Ninafundisha hisabati katika shule ya msingi hapa Kutulo. Wanafunzi wangu huogopa zaidi hesabu za maelezo, zile za tangi linalovuja au lori lililotoka Wajir saa mbili asubuhi. Mimi huwaambia wasome swali mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Jumamosi moja mama yangu aliniomba nimsaidie kupulizia mbuzi wake dawa ya kupe. Alikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo alinipa chupa nimsomee maandishi. Yalisema mililita moja kwa kila lita ya maji. Pampu yetu ya mgongoni ilibeba lita ishirini, na kifuniko cha chupa kilipima mililita kumi. Nikasema ishirini, nikaanza kumimina vifuniko huku nikihesabu kwa sauti.

Mama alitazama chupa ikiisha. "Mwaka jana chupa kama hii tulitumia mwaka mzima," alisema.

"Hooyo, mama yangu, nimepiga hesabu," nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa ile ya darasani.

Hakubishana na mwalimu.

Tulikuwa tumepulizia mbuzi saba wakati yule wa kwanza alipoanza kutetemeka. Mate yalimtoka, miguu ya mbele ikakunjika. Wa pili akaanguka pembeni yake. Nilisimama na pampu mgongoni, nikaangalia kifuniko mkononi, na hapo ndipo nilipoona. Vifuniko viwili. Mililita ishirini ni vifuniko viwili tu. Sikuweza hata kuivua ile pampu.

Mama ndiye aliyenisukuma. "Maji," alisema. Tuliwaosha kwa maji ya kunywa, mitungi yote iliyokuwa nyumbani. Nilimpigia simu daktari wa mifugo, akasema tuendelee kuosha na tuwaweke kivulini. Kufikia alasiri watano walikuwa wamekufa. Wawili waliinuka.

Majirani walikuja kutusaidia kuchimba shimo, maana nyama ile haikufaa hata kwa mbwa. Mmoja akauliza ilikuwaje.

"Mimi nilichanganya vibaya," mama akasema, akiendelea kusukuma mchanga kwa koleo. "Mikono ya uzee."

Nilishtuka zaidi kuliko nilivyoshtuka kwa mbuzi. Wote pale walikuwa na watoto darasani kwangu, na mama alilijua hilo. Sikumsahihisha; niliinama nikaendelea kuchimba. Bado sijui vizuri kwa nini.

Jumatatu niliandika swali lile ubaoni: pampu ya lita ishirini, kifuniko cha mililita kumi. Msichana wa dawati la mbele alijibu viwili bila kuandika popote. Nikaliambia darasa zima kwamba mimi nilijibu ishirini, na kwamba mama yangu hakukosea lolote.

Jioni mama yake msichana yule alinijia nyumbani pamoja na binti yake, akiwa na chupa ya dawa ya kupe chini ya shungi. Nilidhani amekuja kunilaumu. Alikaa, akamwita binti yake aketi kati yetu, akaweka chupa mezani.

"Someni pamoja," alisema. "Mimi nitasikiliza."