Tiketi ya Kuombea Radhi

Kwa miaka ishirini na sita Bi Tochi alikata tiketi na kuwaonyesha watu viti kwenye jumba moja la sinema, na jina hilo wateja walimpa kwa sababu ya ile tochi yake. Filamu alizoziona hazina idadi. Iliyomponza ni moja tu, ile ya ubaguzi wa rangi iliyosifiwa na kila mwenye mdomo.

Filamu yenyewe, tusidanganyane, haikuwa na lolote. Watu kumi wa mji mmoja wanabaguana kwa zamu, halafu wanageuka wema kwa zamu, fidla zinalia. Mwenye nyumba anamfukuza mpangaji kwa ajili ya rangi yake, kesho yake anamtolea damu hospitalini, wanakumbatiana, yamekwisha. Watu walitoka macho mekundu, wakijiona wameshatubu. Bi Tochi naye alilia, tena wiki tisa mfululizo.

Alikuwa na lake moyoni. Mwanawe alioa mke wa rangi nyingine, na Bi Tochi hakumkunjulia uso. Siku moja mashoga zake walimtembelea bila taarifa, wakamwona yule binti jikoni anasugua sufuria, wakauliza ni nani.

"Msichana wa kazi," akajibu.

Binti alisikia. Akawaletea chai, akarudi jikoni. Tangu hapo Bi Tochi alijuta, lakini kutamka "nisamehe" kulimshinda. Na mkwewe alikuwa mjamzito, kwa hiyo alijua fika kwamba akizidi kunyamaza atamkosa na mjukuu.

Basi akaona filamu imsemee. Wafanyakazi walipewa tiketi mbili za bure kila mwezi. Akamwalika mkwewe onyesho la mchana, akamkalisha safu ya katikati, akakaa naye. Mwenye nyumba alipomkumbatia mpangaji, Bi Tochi akalia kwa kwikwi. Mkwewe alitazama tu.

"Umeionaje, mwanangu?" akamuuliza walipotoka. "Si nzuri?"

"Yule mwenye nyumba hakuomba msamaha, mama."

"Lakini si ametoa damu?"

"Ametoa."

Wakaenda hadi kituo cha basi, Bi Tochi akiongea njia nzima habari za nepi na majina ya watoto. Alirudi kazini moyo mweupe, akiamini yameisha. Masikini, hakuna kilichokuwa kimeanza.

Mwezi uliofuata mwanawe na mkewe wakahamia mbali. Mjukuu sasa ana miaka minne, na bibi yake anamjua kwa picha. Juzi Bi Tochi, ambaye ameshastaafu, alijikaza akapiga simu.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuita msichana wa kazi, na nilijua umesikia."

"Siku ile ya sinema nilijua umeniita useme hilo," akasema mkwewe. "Nilitembea polepole makusudi, mama. Pale kituoni niliacha mabasi mawili yapite."