Ramani ya Nyumba ya Kuresoi

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kujenga. Unapewa kiwanja kitupu kwenye kompyuta, unajenga unachotaka, kisha unakihifadhi kama ramani. Ukiihitaji tena, unabofya mara moja na nyumba nzima inasimama. Saiba yetu, duka la kompyuta za kulipia mjini Nakuru, mwaka wa 2007, ilikuwa na folda ya ramani kwenye kompyuta ya dirishani, na sheria ilikuwa moja: ukichukua ya mwenzako, uache yako. Sisi wanachuo tuliiheshimu kuliko walimu.

Isipokuwa jamaa mmoja wa Milimani, mtaa wa wenye pesa. Huyo, wacha tu! Kwao walikuwa na kompyuta mbili, lakini alikuja saiba na flashi shingoni, akazoa ramani zetu zote, na yeye akaacha nini? Banda la kuku. Tena halina mlango!

"Niaje boss, hiyo ni ya kisasa," aliniambia bila haya.

Alichojua ni kufungua kazi ya mtu, kupaka kuta zambarau, kuchimba bwawa la kuogelea mbele, halafu kuwaita wasichana waje waone alivyojenga. Kujenga! Mtu wa kushindwa na mlango.

Yangu ndiyo iliyochukuliwa zaidi. Nilikuwa nimejenga kwetu, Kuresoi, nyumba ya mama na shamba la viazi likiteremka nyuma yake. Watu walinisifu, kichwa kikanivimba. Basi Desemba nikafungua folda nikakuta nyumba ya mama ni zambarau na ina bwawa. Yule bure kabisa alikuwa amehifadhi takataka zake juu ya ramani yangu, kwa jina lile lile. Sikuwa na nakala nyingine. Nilimcheka, nikasema nitajenga upya siku nikipata nafasi.

Uchaguzi ukafanyika, fujo zikaanza, na Januari nyumba yetu ya kweli ikachomwa, yetu na za majirani. Mama alifika mjini kwa dada yake na nguo alizovaa tu. Picha zote ziliteketea. Alikaa kwenye kiti kimoja siku nyingi, haongei, chakula anakisukuma kando. Siku moja akasema, "Ningeiona hata mara moja tu. Naogopa nitaisahau."

Nikamwambia ninayo, iko kwenye kompyuta. Uso wake ulivyofunguka, ningeenda kuitafuta hata kwa magoti.

Nilienda Milimani kwa yule jamaa, maana ndiye aliyezoa ramani zetu zote kwenye flashi. Jamaa alitoka getini na malapa, akaanza, "Pole sana boss, nimesikia mambo ya kwenu..."

Sikumngoja amalize. Nilimwita mwizi, tena mwizi mvivu, nikamwambia hata kuku hawangekubali kulala kwenye banda lake. Akaingia ndani, akarudi na flashi.

"Ile yako ya kwanza niliiweka," akasema. "Ilikuwa nzuri, sikutaka ipotee."

Niliipokea bila asante. Njia nzima nilikuwa nikimdharau, eti hata kuiba hajui.

Kesho yake mchana nilimpeleka mama saiba, nikamkalisha kwenye kiti, nikafungua ramani. Nyumba ikasimama: vigae vyekundu, vioo mpaka chini, nguzo nyeupe mbili barazani. Mama akasogeza uso karibu. Akatazama sana.

"Hii ni ya nani, kijana wangu?"

"Ni yetu, mama."

"Yetu?" Akainama tena. "Mabati yetu yako wapi? Na stoo ya viazi? Na jikoni kwangu?"

Nilihisi masikio yakiwaka. Mabati nilikuwa nimeyaona kwenye orodha ya mchezo, ya tatu kutoka juu, nikayaruka. Stoo ningeijenga kwa dakika kumi. Jiko lake la udongo, lililojaa masizi, nililiacha makusudi, ili watoto wa Milimani wasinicheke. Wiki tatu nilizokaa pale nikijisifu kwamba najenga kwetu, nilikuwa nikifuta kimoja baada ya kingine.

"Kompyuta haina vitu kama hivyo, mama," nikasema.

Akaniamini. Aliitazama ile nyumba kidogo zaidi, kwa heshima, akasema ni nzuri, halafu akauliza kama tunaweza kwenda.