Usukani uligoma nikiwa njiani kwenda Dongobesh na mgonjwa wa macho, kumbe kosa ni waya wa betri

Wakuu, habari za kwenu.

Haya yamenipata mwenyewe, na mengine yananiaibisha kidogo, lakini nitayasema yalivyo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mbulu. Kwetu ni Tanga, huu ni mwaka wangu wa tatu huku. Nimepanga sehemu iitwayo Daudi, kwa Mzee Margwe, mkulima na mfugaji. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Tangu nihamie kwake alinijua kwa sauti tu.

Nina kigari kidogo cha Kijapani, used, chenye usukani wa umeme, hiyo mnayoiita EPS. Haina oili wala pampu. Kuna mota inayokusaidia kuzungusha. Wakati huo sikuyajua hayo.

Ilianza hivi. Asubuhi za baridi nikiwasha gari, taa ya njano yenye picha ya usukani inawaka, baadaye inazima yenyewe. Nikapeleka kwa fundi mmoja mjini. Alifungua boneti akatafuta sana pa kuongezea oili ya steering, hakupaona.

Akasema, "Madam, rack imekufa hii, ule mtambo wa chini wa usukani. Badilisha yote."

Nilipotoka pale taa ikawa imezima. Nikajiambia gari limepona. Hapo ndipo nilipokosea.

Wiki chache baadaye madaktari wa macho wakaja kituo cha afya Dongobesh. Mzee akapangiwa upasuaji siku yao ya mwisho, afike kabla ya saa nne asubuhi. Watoto wake wako mbali, nikaomba ruhusa shuleni nimpeleke mimi.

Tumeshapita Mbulu mjini, tunashuka kona moja yenye makorongo, taa ikawaka. Usukani ukawa mzito ghafla, kama kuna mtu ameushika upande wa pili. Gari likaelekea mtaroni. Nikauvuta kwa mikono miwili na nguvu zangu zote. Tairi la kushoto likakanyaga majani ya ukingoni, ndipo likarudi barabarani.

Nikasimama pembeni.

Mzee akauliza taratibu, "Mwalimu, mbona unahema kama umepanda mlima?"

"Usukani umekuwa mgumu, baba. Naogopa kuendelea."

"Hauzunguki kabisa?"

"Unazunguka, ila kwa nguvu sana."

Akasema, "Ng'ombe wa jembe akiwa mzito kugeuka, unampunguzia mwendo. Lakini wewe ndiye unayeona. Ukisema turudi, turudi."

Nikazima gari, nikawasha tena. Taa ileile. Nikajaribu breki, ziko vizuri. Usukani ulikuwa mzito lakini unatii, haukwami. Nikaamua kwenda mwendo wa baiskeli, kila kona naianza mapema. (Usukani ukikwama au ukiwa haushiki, usiendelee. Wangu haukuwa hivyo.)

Tulifika saa nne kasoro dakika kumi. Muuguzi akamshika mzee mkono, wakaingia ndani. Mabega yangu yalikuwa yanawaka moto.

Nikaulizia fundi umeme wa magari, nikaelekezwa kwa dada mmoja, Paskalina. Nikamweleza kwamba nimeambiwa rack imekufa.

"Aliyekuambia alipima kwa kifaa gani?" akauliza.

"Alitazama tu."

Akatoa mita. Akapima betri, akaniambia niwashe gari nizungushe usukani huku yeye anasoma. Akatikisa kichwa. "Betri ni nzima, ila umeme haufiki kwenye usukani. Njoo uone."

Waya wa earth, ule unaotoka betri kwenda kwenye bodi, ulikuwa umelegea na umejaa unga mweupe wenye ukijani. Akanieleza kwamba mota ya usukani inakula umeme mwingi kwa mpigo. Umeme ukipungua, kompyuta yake inaizima ili isiharibike, unabaki unazungusha kwa misuli yako.

Akafungua terminal zote mbili za betri, akasafisha kwa maji ya moto na msasa, akabadilisha kichwa cha ule waya, akakaza, akapaka grisi. Nikawasha. Taa ikazima, usukani ukawa mwepesi hata kwa mkono mmoja.

Akaniachia maagizo: betri na alternata zipimwe kila service, upepo wa tairi usipungue, usiuzungushe usukani mpaka mwisho ukaushikilia hapo, na ukiosha injini usipige maji ya presha kwenye nyaya.

Mzee alifanyiwa jicho moja, tukalala hukohuko, na kesho yake bandeji ikatolewa. Nilikuwa nimesimama mbele yake.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba." Akanitazama muda mrefu. "Kumbe mwalimu wewe ni mdogo hivi? Kwa sauti ile nilidhani nimepangisha mama mnene."

Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka na machozi yakanitoka.

Nilichojifunza: taa ikiwaka halafu ikazima, tatizo halijaondoka. Na kabla hujakubali kubadilisha kifaa kizima, muulize fundi amepima kwa kifaa gani.

Jicho la pili litafanyiwa upasuaji madaktari wakirudi, na nitampeleka mimi. Wenye magari ya EPS, hasa mnaopita barabara mbovu kama zetu, nyie mnakagua nini kabla ya safari? Niambieni, bado najifunza.