Barua ya Posa Niliyoirudisha

Siku niliyomwona Mgiriki akilia, mwanangu, naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa fundi seremala kijana huko Kipawa, kwenye karakana ya Mgiriki huyo, Mzee Yani. Ukutani alitundika picha ya Iskandari juu ya farasi, mfalme wao wa kale aliyeteka nchi za watu mpaka akachoka. Kila mteja alihubiriwa: "Huyu ndiye sisi. Majirani zetu wa mpakani huko Ulaya wanasema ni wa kwao, wezi wakubwa!" Nami Mngoni, kitukuu cha wapiganaji, nikaona nimepata mwalimu. Usicheke, sisi Wangoni kujivuna tunakujua.

Mwaka huohuo mshenga akaleta barua ya posa ya dada yangu Skola. Baba alikwisha fariki, mkubwa nyumbani nilikuwa mimi. Mchumba alikuwa mpole na ana kazi yake, ila Mndendeule, na babu zetu waliwateka babu zake. Nikairudisha barua bila kuifungua.

Nikaenda kazini kifua mbele, nikamsimulia Mzee Yani nikingoja sifa. Akaweka randa chini, machozi yakamtoka.

"Binti yangu alitaka kuolewa na kijana wa hao majirani," akasema. "Nikamfukuza. Mpaka leo sijui kama yu hai. Na huyu wa ukutani hajanijulia hali hata siku moja. Kijana, kimbia, mfuate mshenga."

Sikukimbia. Nilidhani uzee unamsumbua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika polepole. Skola aliondoka bila kuaga, akamfuata mchumba wake. Miaka mingi baadaye nikaitwa Temeke, kwenye msiba wake. Wanawe waliniamkia shikamoo kama wanavyomwamkia mpita njia, maana hakuna aliyewaambia kwamba mimi ni mjomba wao. Nami nikaitikia marahaba kama mpita njia.

Sasa juzi hapa Gongo la Mboto nimekusikia ukisema mchumba wa dada yako ni wa kabila lililopigwa na babu zetu. Tangu jirani yangu, baba yako, atutoke, mkubwa kwenu ni wewe, na barua ya yule kijana ingali kabatini. Mwanangu, babu aliyeteka nchi msifu, ni wako. Lakini yeye hayupo, dada yako yupo. Ifungue leo, mjibu mshenga kwa heshima.

Mungu akujalie wapwa wengi, na siku utakayoingia kwao wakukimbilie wakikuita mjomba.