Batoto Betu Hapana Kuni

Sisi tuliokulia Butembo, mashariki mwa Kongo, wakati wa vita tulikuwa na mchezo ambao vijana wa leo hawatauelewa: kuokota mabango ya maandamano. Wenzetu walikusanya vifuniko vya soda. Mimi na dada yangu Masika tulikusanya kartoni za kukataa vita.

Siku ya kuandamana maduka yalibaki yamefungwa. Mama yetu na wamama wenzake wa parokia walikata kartoni za biskuti zilizotoka mpakani Kasindi, wakaziandika kwa rangi iliyobaki walipopaka kanisa. Mama hakusoma sana, lakini maneno alijichagulia mwenyewe: BATOTO BETU HAPANA KUNI, yaani watoto wetu si kuni za kuwashia vita. Wanaume walicheka, eti vita haizimwi kwa kartoni. Hao hao, risasi ya kwanza ikilia, walitangulia chini ya vitanda.

Watu wakitawanyika, sisi tulishuka mitaroni kuokota mabango, bado yananuka rangi. Tulibadilishana na watoto wa jirani: lenye njiwa aliyefanana na bata lilikuwa sawa na mawili ya maneno matupu. Tuliyaficha juu ya dari, penye mahindi. "Siku moja ile makartoni yenu itatuuwisha," Mama alisema. Hakutupa hata moja.

Mara moja askari wa waasi waliojiita wakombozi wetu alimsimamisha Masika barabarani na bango la Mama.

"Iko nini ile?"

"Iko kartoni, chef."

"Soma!"

Masika akasoma kwa sauti ya darasani, barabara nzima ikasikia. Askari alimpiga kofi, akakanyaga bango kwenye matope, akaenda zake kifua mbele kama aliyeteka mji. Ndio ukombozi waliotuletea. Masika alirudi mdomo umevimba, bango kwapani. Mama alimkanda kwa maji ya moto, kisha akaliegemeza bango karibu na mbabula ya makaa likauke. Jioni tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo. Masika alimeza taratibu, machozi yakimtoka.

Juzi mkubwa mmoja wa waasi wa enzi ile, leo mheshimiwa mwenye kitambi, alimtuma kijana wake kwa Mama. Anatafuta mabango ya zamani, kwa kumbukumbu. Kijana alishika la Mama, akajipiga picha kwanza, meno yote nje.

"Ataiweka wapi?" Mama akauliza.

"Ku salon ya nyumba yake, Mama, pembeni ya televizyo."

"Umuambie ile tuliandika juu ya kumufukuza yeye. Kama anapenda mapambo, anunue maua ya plastiki."

Siku hizi watu wakiuawa upande wa Beni, vijana wetu wanaweka picha nyeusi kwenye simu. Jioni wameshaweka ya harusi. Wanaita hiyo kupinga vita. Sitamani njaa ya zamani, wala hofu yake. Natamani zile asubuhi tu, wamama wakiteremka barabarani na vitenge vyao, na sisi nyuma ya ua tukiamini, kama tulivyoamini katekisimu, kwamba kartoni zikiwa nyingi vita itakwisha.