Filamu ya Mia Nne

Iliki yangu ya chai inakaa kwenye kikopo cheusi cha plastiki, kilichokuwa cha filamu. Kila ninapokifungua, kifuniko kinatoa mlio wake ule ule, na harufu inayonijia kwanza si ya iliki. Ni ya chumba cha giza cha Mama kule kwetu Walukuba, siki na dawa za kusafishia picha, na moyo unanidunda kama asubuhi ile ya safari ya Mbale.

Mama alikuwa mpiga picha. Picha za rangi zilipelekwa Kampala kusafishwa, kwa hiyo yeye alishikilia nyeusi na nyeupe, alizoweza kuzisafisha mwenyewe. Filamu zake zilikuwa za aina mbili, za mia na za mia nne, namba zinazoonyesha wepesi wa filamu kuona mwanga. Ya mia ilitaka jua, lakini picha yake ilikuwa safi, unaona hadi nyuzi za kitambaa. Ya mia nne iliona hata ndani ya nyumba isiyo na taa, ila ilitoa picha yenye chengachenga. Afande mmoja jirani yetu alirudisha picha zake za mia nne akilalamika kwamba Mama amempaka unga.

Kila tulipokwenda Nabuyonga, kule Mbale, kumwona Jaja, mama yake Mama, tulibeba ya mia. Njiani Mama alipiga picha mashamba ya mpunga ya Tirinyi, na tukifika, Jaja alikuwa ameshakaa nje kwenye kiti chake, gomesi, gauni lake la heshima, imepigwa pasi, mlima Wanale nyuma yake. Ndani hakukubali kupigwa picha. Alisema picha za ndani ni za wagonjwa.

Safari hiyo mjomba alipiga simu kwamba Jaja ana homa kidogo, na Mama aje na kamera. Hiyo "kidogo" haikuniingia. Zilikuwa zimebaki filamu mbili, moja ya kila aina, na moja ilibidi abaki nayo Baba, pamoja na kamera ya pili, kwa ajili ya askari waliotaka picha za vitambulisho. Mama aliziweka mezani akazitazama. Msinicheke, lakini niliamini kabisa kwamba akichukua ya mia, Jaja atapona.

"Mama, beba ya mia," nilimwambia. "Jaja atakaa inje."

Alichukua ya mia nne, akaitia kwenye kamera.

Nilimkasirikia njia nzima. Tulipita Tirinyi, mpunga umeiva, na kamera ikabaki mkobani. Niliogopa sana. Nilisoma dua zote nilizofundishwa madrasa, na zilipoisha nikasoma hata ile ya kuingia chooni.

Nabuyonga, kiti kilikuwa nje. Nilimtazama Mama kwa ushindi, mpaka nilipoona kwamba hakuna aliyekikalia. Mjomba alieleza kwamba wamejaribu kumtoa Jaja asubuhi akashindwa, na bado anataka kujaribu tena kwa sababu mpiga picha anakuja. Tulimkuta kwenye chumba chake chenye dirisha dogo, amevaa gomesi, anahema, mguu mmoja ameshaushusha sakafuni.

"Umeweka gani leo?" alimuuliza Mama.

"Ya mia nne."

Miaka yote ya kupigwa picha na binti yake ilikuwa imemfundisha Jaja tofauti ya filamu hizo. Aliurudisha mguu kitandani polepole, na mabega yake yakalegea.

"Basi ni muzuri," alisema. "Sasa mimi naweza lala."

Mama alisukuma dirisha kidogo, akampiga picha.

Hatukumpiga nyingine. Ile ninayo, imejaa chengachenga, na uso wake umetulia. Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mama alimkatia Jaja tamaa pale mezani Walukuba. Sasa Mama mwenyewe ni mgonjwa, analala chumba cha pili kutoka jikoni kwangu, na kila siku nimekuwa nikimhimiza ainuke, akae, ajikaze kidogo. Naye anajikaza, kwa ajili yangu, mpaka jasho linamtoka.

Jana nilipompelekea chai ya iliki alianza kujiinua. Nikamwambia abaki hivyo hivyo alivyolala, nitamnywesha kwa kijiko. Alinitazama kwa muda, kisha mabega yake yakalegea.