Stoo ya Mzee Mmarekani

Nyumba niliyofanyia kazi Aziziya, kule Jeddah, ilichorwa na msanifu majengo Mmarekani, na hakuna mgeni aliyeondoka bila kuambiwa. Kitabu cha kazi zake kilikaa mezani sebuleni. Nilikipangusa kila asubuhi: shule alizojenga kwao akiwa kijana, makanisa, halafu nyumba za matajiri wa huku. Kila ukurasa ulimsifu kwa mwanga. Ati hakuna aliyejua kuingiza jua ndani ya nyumba kama yeye! Nilikuwa nacheka peke yangu. Chumba changu, nyuma ya jiko, hakikuwa na dirisha hata la kupitisha mkono.

Riyadh, kwa kafili wangu wa kwanza, tajiri aliyeniajiri, niliteswa, lakini angalau niliona kukicha. Hapa niliamka na kichwa kinaniwanga, nimelowa jasho, nakohoa. Nilitaka dirisha, basi. Nilimwomba madam mara tatu. "Mafi," akasema. Hakuna. Nyumba ya yule mzee haitobolewi ukuta.

Mwaka uliofuata mzee mwenyewe akaja na mkongojo wake, kupiga picha nyumba zake kabla hajafa, alivyosema. Baba mwenye nyumba, mume wa madam, akamtembeza kama bwana harusi. Walipofika jikoni, mzee akafungua mlango wangu. Akaona godoro, na nguo zangu kwenye msumari.

"Nani analala hapa?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Ni mimi, mzee."

"Nilichora stoo ya masanduku. Mtu hawezi kulala humu."

Baba alikuwa ameitwa kwenye simu. Nikamshika mzee mkono, haya nimeiweka kando: tafadhali, mwambie anitobolee dirisha. Akasema atamwambia. Na alimwambia kweli, nilisikia nikimimina kahawa. "Kile chumba si cha mtu," akasema. "Ni stoo." Baba akaona aibu, akaapa atarekebisha kesho yake. Jameni, nilivyomwombea yule mzee maisha marefu!

Asubuhi baba akaja na dereva. Nilidhani wanakuja kupima ukuta. Wakatoa godoro langu, wakaingiza masanduku, wakayapanga mpaka juu, sawasawa na ramani. Halas, kwisha. Baba akapiga picha amtumie mzee. Nililia mbele yao wote, na madam amesimama mlangoni.

"Na mimi, madam?"

"Jikoni, chini," akasema. "Ukishamaliza vyombo."